Mkoba Ulioitika Mluzi

Bwire, simama wima. Tangazo rasmi: Mwanasayansi Mkuu wa mtaa wa Mowlem amejiuzulu leo. Amejiuzulu akiwa chini ya meza, akilindwa na paka.

Unakikumbuka kile kidude cha funguo, ukipiga mluzi kinaitika pii-pii? Mwanasayansi alikishonea ndani ya mkoba wa dada yake, Kavinya, ili agundue anakojificha na yule kijana wa kwaya.

Leo Kavinya anatoka Donholm kwa miguu, jamaa mmoja akampigia mluzi. Mkoba ukaitika. Mkoba, Bwire! Jamaa akacheka: "Kumbe umenikubali, sista!" Akaanza kumfuata.

Kavinya akakimbia, akajificha kwa mama anayeuza makaa, nyuma ya magunia. Jamaa akapiga mluzi tena. Pii-pii, kutoka nyuma ya magunia! Akaenda moja kwa moja, akamshika mkono. Mama wa makaa ndiye aliyemfukuza kwa beleshi.

Kavinya alifika nyumbani na kiatu kimoja, akauchana mkoba kwa kisu, kidude kikadondoka. Mama yake akauliza, "Nani aliweka hiki?" Mwanasayansi akasema labda ni fundi wa mikoba wa soko la Kariokor.

Kavinya akautazama ule mshono. Ni mshono wa bweni, ule tunaoshonea nambari kwenye soksi.

"Mimi nilikuwa najificha," akasema polepole, "na wewe ulikuwa unamwitikia."

Hakunipiga, Bwire. Afadhali angenipiga. Nimewaambia ni mimi.