Sambusa za Kuchemsha

Buffalo, 2 Desemba

Mpendwa Dada Kostansia,

Tumsifu Yesu Kristo. Natumaini barua hii inakukuta mzima hapo Louisville, goti limepoa, na shemeji Tarcisius bado anazivumilia zile shifti za alfajiri kiwandani Jeffersontown. Watoto sijui kama bado wanakujibu Kiingereza ukiwasemesha Kiswahili, usichoke nao. Mimi mwili haujambo. Kwa mengine sina la kujivunia, ndiyo maana nimeshika kalamu. Kwenye simu ungenionea huruma ukanikatiza, nami ningerudia uongo wangu.

Umeniagiza kwamba nikija Columbus kwenye misa ya mwaka ya Mama, nilete zile sambusa za jibini nilizowahi kukusimulia. Tena umeapa hukanyagi nyumbani kwa kaka yetu Venance huko mpaka mkewe Anitha akuombe radhi. Mambo hayo mawili ni jambo moja, dada, ila wewe hujui. Ngoja nianze na sambusa.

Yule Bibi Wanda niliyekuwa namhudumia North Buffalo ni Mpolandi, ana miaka themanini na nane, na mikono inatetemeka hata kikombe hakikai. Kwao mkesha wa Krismasi hawali nyama, lakini sambusa hizo hazikosi mezani. Wenyewe wanaziita pierogi. Unakanda unga kwa yai na maji ya vuguvugu, unausukuma, unakata viduara kwa mdomo wa glasi, ndani unaweka jibini laini yenye sukari na zabibu kavu. Yeye alikaa kwenye kiti cha jikoni akiniamrisha kama mama mkwe. Mara ya kwanza niliziba kingo kwa uji wa unga, kama tunavyoziba sambusa zetu. Kumbe zetu zinaingia kwenye mafuta, hizi zinaingia kwenye maji yanayochemka! Zilifumuka zote, sufuria nzima ikawa kama uji wa mtoto. Bibi Wanda alicheka mpaka nikamshika asianguke. Ndipo akanifundisha kubana kwa vidole vikavu, kukunja, na kubana tena.

Jibini ya dukani aliikataa, eti ina maji. Nikafanya alivyokuwa akifanya Mama kule Kibosho: nikayatia maziwa mtindi kidogo, nikayafunika karibu na bomba la joto mpaka yakaganda, nikayapasha polepole, nikayatundika kwenye kitambaa yachuje. Alipoonja akasema hajala jibini kama ile tangu utoto wake. Nilifurahi kupita kiasi. Mtu mzima mimi, nafurahia sifa kama mtoto aliyepewa peremende.

Sasa, wana desturi moja. Usiku ule mezani wanaweka sahani ya ziada isiyo na mwenyewe, kwa ajili ya mgeni atakayebisha hodi. Mwaka jana Bibi Wanda akaniambia safari hii sahani ile ni yangu; nikimaliza kupika nivue aproni nikae nao. Miaka saba niko Buffalo, dada, nimewalisha watu wa hapa kwa kijiko, nimewaogesha, na hakuna aliyewahi kuniambia nikae mezani.

Usiniambie nilikuwa na meza yenu. Unaikumbuka Krismasi ya mwaka juzi, mbuzi alipogawanywa pale kwa Venance. Mama aligawa kwa nyumba, kama kwetu. Nyumba ya Kostansia hii, nyumba ya Venance hii. Alipofika kwangu akasema Theresia atakula na watoto, maana hana nyumba. Nilikuwa nimeachana na mume wangu Silas miaka minne, na hakuna aliyewahi kunipigilia msumari namna ile. Wote mkainamia sahani zenu. Na wewe pia, dada.

Basi mwaka jana, tarehe ishirini na tatu Desemba, nilipokupigia kwamba theluji imefunga barabara na siwezi kuja, nilikuwa nimesimama dirishani kwangu huku East Side. Nje kulikuwa na jua. Nilikuwa tayari nimetundika jibini.

Kesho yake nilipika kuanzia asubuhi. Sambusa mia moja na arobaini, hata moja haikufumuka. Jioni wakaja binti yake, mkwe na wajukuu, wakaonja jikoni wamesimama, wakasema Bibi bado mkono wake uko palepale. Nikavua aproni, nikanawa, nikatengeneza kilemba changu. Yule binti akaja na koti langu mkononi. Akasema asante sana, bila shaka na mimi nina watu wangu wananisubiri, wasingependa kunichelewesha. Akanipa sambusa sita zilizofungwa kwenye karatasi ya fedha. Kutoka mlangoni niliiona ile sahani, safi, na uma wake pembeni. Nikamtazama Bibi Wanda. Alikuwa anakunja kitambaa chake cha mezani, hakuinua uso. Mpaka leo sijui kama alisahau, maana husahau sana, au aliwaogopa watoto wake. Nilitamani awe amesahau. Baada ya sikukuu niliomba ofisini wanihamishie kwa mgonjwa mwingine.

Nilizila zile sita nyumbani nimesimama, sijavua koti, zimepoa. Zilikuwa tamu, ndilo lililoniuma.

Lipo lingine nililoficha. Wakati nakula, Mama alipiga simu. Nyuma yake nilisikia vicheko vyenu na Venance akitafuta kisu. Akauliza kama theluji imekatika. Ningeweza kusema ndiyo, nikalala, nikawasha gari asubuhi, mchana niko Columbus. Nilisema bado. Naye akasema, kwa ile sauti yake ya kama anagombana na mtu:

“Basi usitoke. Fungu lako nimelikata mwenyewe, la nyumba yako. Nimelifunika.”

La nyumba yako, alisema. Nikamjibu sawa Mama, nikakata simu, kwa sababu mdomo ulikuwa umejaa. Siku ya tatu akaanguka, na hakusema tena na mtu. Uliniambia mwenyewe kwenye msiba kwamba alikataa mtu yeyote asiguse ile sahani, ikakaa kwenye friji hadi siku alipopelekwa hospitali, na kwamba ni Anitha aliyekuja kuimwaga akilia.

Huyo huyo Anitha ndiye aliyesema pale msibani mbele za watu kwamba barabara ilikuwa wazi, kwa kuwa binamu yake Eliaichi alipita Buffalo na lori siku ile ile. Wewe ulisimama ukamwita mchonganishi, ukasema mdogo wako hawezi kumdanganya mama yake. Mimi nilikuwa pembeni yenu na kikombe cha chai. Nilikunywa chai, Kostansia. Nimeinywa mwaka mzima.

Anitha alisema kweli. Wewe ndiye wa kumwomba radhi, na umepata deni hilo kwa ajili yangu. Mpigie kabla ya misa, au msomee barua hii, nimeiandika nikijua anaweza kuisoma. Ukiamua kutonipokea simu, nitaelewa, ila usiache kwenda Columbus.

Nisalimie shemeji na watoto, mmoja mmoja kwa jina. Venance nitamwambia mwenyewe. Sambusa sileti. Kama mtanikubali nitakuja, na mkifika kwenye kugawa, msinikatie fungu. Niwekeni na watoto.

Ni mimi mdogo wako,
Theresia