Kondoo wa Ruzuku na Kisu cha Bouazza

Mpendwa mshauri Lalla Zhor, naomba msaada wako maana sikukuu ya kuchinja imekaribia na hapa Khemisset sina wa kuongea naye isipokuwa kondoo niliyemfunga juu ya paa tambarare la nyumba, analia kutwa nami namjibu. Ni mjane, sina mtoto, nina mdogo wangu mmoja tu, Bouazza, muuza kondoo, ambaye tangu mume wangu afariki ndiye anayenichinjia, tunachoma maini yaliyoviringishwa kwa shahamu, tunacheka hadi jioni, na kisu chake kinakaa jikoni kwangu mwaka mzima. Mwaka huu serikali ikatupa wajane dirham mia tano kila mmoja za kununulia kondoo, nikafurahi, nikafika sokoni nikakuta Bouazza kapandisha bei kwa mia nne, nikamwambia mbele za watu, "Ruzuku ya wajane unaila wewe, huna haya?" Akainama, akasema, "Nenda kwa mwingine basi, dada," nami kwa hasira nikaenda kununua kwa mtu nisiyemjua, na bei ilikuwa ileile. Tangu hapo hapigi hodi. Upweke unanimaliza. Nimwombe radhi mtu aliyekula haki yangu?

Rkia, Khemisset

Rkia mwanangu, pole, halafu acha ujeuri. Yule mwingine alikuuzia bei ileile, mbona yeye hukumtukana? Kondoo hazaliwi akanona kwa wiki moja. Idadi yao sokoni ilikuwa ileile, nanyi wajane mkaja kwa pamoja na pesa mkononi, na sikukuu haimngoji mtu. Asiyeweza kungoja huachiwa makombo, ndiyo hiyo mia moja iliyokubakia katika ruzuku. Pesa zingetolewa mapema, wafugaji wangefuga wengi na fungu lenu lingenenepa; hilo kawaambieni waliotoa ruzuku. Tena usidhani zile mia nne zote zimelala mfukoni mwa Bouazza. Wafugaji wa milimani nao walisikia habari redioni wakampandishia. Ulimwuliza alinunua kwa ngapi? Hukumwuliza.

Sikatai, dada yake ulistahili kupunguziwa, na umwambie hivyo, lakini mkiwa wawili, si mbele ya wateja wake.

Sasa nisikilize. Hukumtukana kwa simu, basi usimwombe radhi kwa simu. Kesho asubuhi chukua kile kisu, kifunge kwa kitambaa, mpelekee palepale sokoni, watu wale wale wakiwepo, umwambie kimekuwa butu. Usitaje bei. Akianza kukinoa, rudi nyumbani ukaweke tayari makaa ya kuchomea maini.