Nilimpa Wifi Kitabu Kilichoniangusha

Mshauri mpendwa,

Nakuandikia nimejifungia chumba cha mizani hapa kazini, wenzangu wote wamekwenda kula, na naomba msaada wako kabla sijaharibika kabisa, maana mimi si mtu mbaya, hata ukiuliza mtaani kwetu watakwambia, ila kuna jambo nimelifanya na jambo lenyewe ni la kitabu cha hesabu, tafadhali usicheke.

Mimi ni fundi wa maabara ya kupima maji, mwaka wa kumi na mbili huu, na hapa wananiita Mizani kwa sababu nikishapima hakuna anayerudia kupima, na mimi ndiye ninayechora ule mchoro wa klorini ulioko ukutani, kila Ijumaa, kwa kalamu nyekundu na ya bluu, mgeni yeyote akija, mkuu wa maabara anamsimamisha pale auone. Wifi yangu, mke wa mdogo wangu, naye yuko hapa hapa, mapokezi ya sampuli, na kazi hiyo nilimtafutia mimi, alikuwa amekaa nyumbani na shahada yake imefungiwa kabatini, mimi ndiye niliyempeleka kwa mkuu, mimi ndiye niliyemfundisha kuosha chupa mara tatu na kubandika lebo kabla ya kujaza maji na si baada, na leo hii mkuu akitaka kujumlisha kitu hamwiti Mizani, anaita, "Kikokotoo wetu yuko wapi?" na watu wanacheka, na wifi anatoa jibu pale pale bila karatasi, na mimi nasimama na mashine ya kuhesabia mkononi kama mtu aliyeshikishwa mzigo usio wake.

Mwaka huu mkuu ametangaza nafasi ya kwenda kusoma shahada ya pili, nafasi moja tu, na atakayeipata ni yule atakayeleta alama kubwa zaidi kwenye mtihani wa kujiunga, ule wenye sehemu ya hesabu. Mtihani huo niliufanya miaka miwili iliyopita nikaanguka, na kilichoniangusha nakijua, ni maswali ya grafu na majedwali, kwa sababu kitabu nilichosomea kilikuwa toleo la zamani, sura kumi na moja lakini hata ukurasa mmoja wa grafu hakina, kimejaa logarithimu ambazo siku hizi haziulizwi, nikakaa ndani ya chumba cha mtihani natazama zile nguzo ndefu na fupi na vile viduara vilivyokatwa vipande, jasho linanitoka, mpaka kengele ikalia.

Sasa sikiliza nilichofanya. Jumamosi moja tulikuwa jikoni, sisi tunaishi pamoja, mimi na mama nyumba ya mbele, mdogo wangu na mkewe vyumba viwili vya nyuma, jiko ni moja, na wifi anamenya vitunguu akaniambia, "Wifi, na mimi nimejiandikisha ule mtihani. Wewe ndiye mjuzi wa vitabu vyake, nichagulie kimoja basi." Kabla sijafungua mdomo, mama, aliyekuwa amekaa mlangoni anashona kifungo, akasema, "Huyu hautamsumbua. Kichwa anacho." Mshauri, mimi nimezaliwa na huyu mama, nimesoma mbele ya macho yake, nimefeli mbele ya macho yake, na neno hilo sijawahi kulisikia likisemwa juu yangu. Roho ya kwa nini ikanipanda hapo hapo. Nikaenda chumbani, nikavuta sanduku, nikatoa kile kitabu, kile kile kilichoniangusha, nikakifuta vumbi kwa upindo wa gauni na nikampa mbele ya mama, nikasema, "Ya nini kuhangaika madukani? Chukua changu." Wifi akanikumbatia na mikono yake ya vitunguu. Mama akaniombea dua ndefu, Mungu aniongeze, na mimi nikaitikia "amina" mpaka mwisho.

Nilidhani atasoma kidogo achoke. Hakuchoka! Amekivalisha jalada la gazeti, kila mchana anakaa nacho nyuma ya kaunta ya mapokezi, sura moja kila wiki, na anaandika humo humo kwa penseli hafifu mno, mpaka ulaze ukurasa kwenye mwanga ndiyo uone, nadhani ni kwa kuwa hajiamini, lakini nimechungulia, mshauri, majibu yake ni sahihi, hata sura ya saba, ile ya uwezekano, ambayo mimi kwa hilo jina lake tu naumwa kichwa.

Karibu kila nikisikia amemaliza sura, mimi naenda dukani kununua kitabu kingine. Sasa ninavyo vitano: kimoja kinene kama tofali, kimoja kinaahidi siku ishirini na moja, kimoja mwandishi wake anacheka jaladani kama anayemjua mtu aliyefeli, kimoja ni maswali matupu, na kimoja nilikinunua kwa sababu nilimwona dada mmoja nisiyemjua amekishika kwenye foleni akionekana ametulia. Vyote nimevianza. Namba tasa nitakutajia mpaka mia mbili bila kupumua, kwa sababu vitabu vyote vinaanza na namba, na nikifika sura ya pili nasikia wifi amemaliza nyingine, naona kitabu ndicho kibovu, nabadilisha.

Juzi ndipo nilipojimaliza. Wifi alikuja na kikaratasi kimeandikwa juu, "Ya kumuuliza wifi," akaniuliza moja moja, mimi napangusa chupa tu, na la mwisho akauliza, "Wifi, mbona humu hakuna grafu?" Na mimi, Mungu anisamehe, nikasema bila kumtazama, "Grafu hazitoki siku hizi." Akasema, "Afadhali," akatabasamu, akalikata lile swali kwa mstari.

Zimebaki wiki tano. Naomba unishauri mambo mawili. La kwanza, kitabu gani cha sita ninunue, maana nimeona kimoja cha jalada la bluu wanakisifia sana. La pili, huyu wifi nimfanyeje, au ninyamaze tu, kwa sababu kila mtu na riziki yake, na hata hivyo sikumlazimisha kukichukua.

Ni mimi, Mizani.

*

Mizani,

Pole. Hilo naliweka mbele ili usije ukasema sikukuonea huruma. Kufeli mtihani na kurudi kesho yake kwenye meza ile ile, watu wale wale, si jambo dogo. Na kumfundisha mtu kazi kisha ukaona yeye ndiye anayeitwa, hilo linauma, na atakayekuambia haliumi hajawahi kumfundisha mtu kazi. Mama yako naye alikosa. Neno la "kichwa anacho" lingeweza kugawanywa mara mbili na likawatosha wote.

Huruma yangu inaishia hapo. Usiniletee habari za riziki. Riziki haikusema grafu hazitoki, ulisema wewe. Ungemjibu kuwa hujui kitabu kizuri, ningekuita mchoyo na yangekwisha. Lakini wewe ulimchimbia shimo unalolijua urefu wake, kwa kuwa ulishalala ndani, ukalifunika, ukaliita zawadi, na dua ukapokea. Hukumlazimisha? Mtu akikuuliza njia ukamwelekeza mtoni, nawe hukumlazimisha.

Na wahenga hawakukosea, mchimba kisima huingia mwenyewe. Hebu tazama. Yeye na kitabu kibovu amefika mbali. Wewe na vitabu vitano vizuri uko kwenye namba tasa. Kabla sijakaa kwenye meza hii niliuza vitabu vya mitihani miaka kumi na moja, na watu wa aina yako nawajua, ndio mlionilisha. Aliyenunua kimoja sikumwona tena, alikwenda kusoma. Aliyenunua vitano alirudi kuulizia cha sita, na kila mara kabla ya kusema anachotaka aliniuliza fulani amenunua kipi. Wewe huchagui kitabu, Mizani. Unamchungulia mwenzio, halafu unapitia dukani.

Kwa hiyo cha bluu kiache pale kilipo. Leo ukitoka kazini vitoe vyote vitano uviweke kitandani, na uwe na ile karatasi ya watunga mtihani inayotaja mada zinazoulizwa. Fungua ukurasa wa ndani wa kila kimoja utazame mwaka kilipotolewa, na kile kisicholingana na ile karatasi kitoe. Vilivyobaki, nenda moja kwa moja nyuma kwenye majibu. Kama kimekuandikia "jibu ni C" kikanyamaza, hicho hakifundishi, kinakucheka tu kama yule mwandishi wako. Kisha chukua swali moja la grafu linalokushinda, soma maelezo yake ukiwa umesimama. Usikae. Ukielewa ukiwa umesimama, hicho ndicho chako, na hiyo ndiyo njia niliyowapa wateja wote, wachache wakanisikiliza. Baki na hicho pamoja na kile cha maswali matupu, ambacho utakifanya Jumamosi na saa mezani. Vingine vifunge. Anza na sura ya grafu. Namba tasa hazina pa kwenda, utazikuta.

Na nimecheka, nisamehe, nilipofika kwenye ule mchoro wako wa klorini. Kila Ijumaa unachora nguzo nyekundu na za bluu, wageni wanasimamishwa waione kazi yako, kisha unaniambia grafu zilikutoa jasho. Ule wa ukutani unauita nini, pambo? Swali la mtihani ni mchoro ule ule, wamebadilisha klorini wakaweka mauzo ya viatu. Simama mbele yake kesho ujiulize maswali kumi: siku gani ilizidi, ilizidi kwa asilimia ngapi, wastani wa wiki ni ngapi. Unavijua hivi vitu. Ulivisahau kwa hofu, na baadaye kwa kijicho.

Sasa wifi yako. Umeniandikia kuwa anaandika kwa penseli hafifu, ukasema hajiamini. Mizani, mtu anayejumlisha kichwani mbele ya mkuu wa maabara hakosi kujiamini. Anaandika hafifu kwa sababu kitabu ni chako. Jalada la gazeti amelivalisha kwa sababu hiyo hiyo. Anakitumia kama kitu cha kuazima, ili siku ya kukirudisha afute na akukabidhi kikiwa safi kuliko alivyokipokea, na wewe, ambaye wenzako wote wanasema hukosei kupima, umelipima hilo kombo.

Utamwambia, na utamwambia kabla ya Jumapili, kwa sababu wiki tano zinatosha kujifunza grafu, wiki mbili hazitoshi. Usimwambie kwa ujumbe wa simu. Usimtume mama wala mdogo wako. Usianze na hadithi ya utoto wako na nani alipendwa zaidi. Mpe kimoja kati ya vile ulivyovifunga, chenye sura ya grafu iliyoeleweka. Kama hakuna chenye sura hiyo ila kile unachokitaka wewe, mtasoma kwa zamu. Kubali atakavyopokea. Anaweza kukasirika, ana haki. Anaweza asikumbatie mtu jikoni kwa muda. Na anaweza, baada ya yote hayo, akakushinda kwa haki, akaenda yeye kusoma na wewe ukabaki na chupa. Hilo sina dawa yake. Utaumia, lakini utaumia ukiwa bado unaweza kuingia jikoni na yeye yumo.

Ninyamaze tu, unasema. Haya, nyamaza. Siku ya mtihani mtakaa chumba kimoja, atafungua karatasi, atakutana na zile nguzo, na kitu cha kwanza atakachofanya ni kuinua kichwa akutafute. Si kwa hasira. Atadhani na wewe umeshtuka kama yeye, atakuonea huruma.

Kwa hiyo nenda pale mapokezi mchana, akiwa amekifungua, usimame upande wa wateja. Maneno ni matatu tu, hata wewe uliyekwama sura ya kwanza unaweza kuyahesabu:

"Wifi, grafu zinatoka."

Halafu vuta kiti.