Nimeliondoa Jina la Resiato

Alhamisi, wiki ya mwisho ya Machi. Kitengela.

Jua limewaka tangu asubuhi, na vumbi la barabara ya Namanga limeingia mpaka ndani ya kabati la vyombo. Mimi mtu wa Kakamega, niliyezaliwa penye mvua ya kila alasiri, miaka yote ya kuishi huku haijanizoesha. Nimefika nyumbani mapema, nimevua viatu, nimekaa. Chai imepoa mbele yangu. Nina hasira, na wa kumkasirikia simwoni ila mimi mwenyewe.

Leo nimemfuta mtoto shuleni. Hakukosa lolote.

Acha niandike kwa utaratibu, maana nikirukaruka nitaishia kujitetea.

Mimi ni mwalimu mkuu wa shule ya umma iliyo kati ya Kitengela na Isinya, pale nyumba za kupanga zinapokoma na malisho kuanza. Nusu ya wanafunzi wangu ni watoto wa wafanyakazi wa viwandani. Nusu nyingine ni wa wafugaji. Kiangazi kikizidi, ng'ombe huhamishwa, na mara nyingine familia nzima huondoka nao. Mwalimu mkuu aliyenitangulia alinifundisha desturi ambayo haijaandikwa popote. Kabla ya safari, mama huja ofisini na madaftari ya mtoto yaliyofungwa kwa kipande cha leso, akayaacha kabatini. Madaftari yakishakaa mle, tumeelewana: mtoto atarudi, nami nitamlindia nafasi yake. Huu ni mwaka wangu wa tisa kwenye kiti hiki na hakuna mama hata mmoja aliyenidanganya.

Resiato yuko Gredi ya Tisa. Ni msichana mrefu, mbishi, wa kuuliza swali wakati kengele imeshalia na wenzake wanamkodolea macho. Mwaka huu ndio anafanya mtihani wa kwenda sekondari ya juu. Mwanzoni mwa Februari mama yake alikuja, mtoto mchanga mgongoni, akaweka madaftari juu ya meza yangu.

"Mwalimu, ng'ombe wameanza kuanguka," akasema. "Tunaenda upande wa Namanga. Huyu mdogo ako na wiki tatu tu, siwezi bila Resiato. Mvua ikinyesha, unatuona hapa."

Resiato alisimama mlangoni amenuna. Nilimwambia aende salama, na kwamba mwezi mmoja si kitu kwa mtu mwenye kichwa kama chake.

Siku chache baadaye sheria mpya ikatufikia. Mwanafunzi asiyeonekana shuleni kwa wiki nne mfululizo, bila sababu inayokubalika, lazima aondolewe kwenye orodha ya shule mtandaoni kabla usajili wa watahiniwa haujafungwa. Anayemwondoa ni mwalimu mkuu, kwa sahihi yake mwenyewe. Akibakiza jina la mtoto asiyekuwepo, anahesabiwa kwamba ameweka mwanafunzi hewa, na atajibu yeye binafsi, kazini na hata kortini.

Sitasema ni sheria mbaya. Sote tunawajua walimu wakuu waliokuwa na wanafunzi wengi kwenye karatasi kuliko kwenye madawati. Siku nilipoisoma niliwaambia walimu wangu kwamba imechelewa sana kuja. Nilisema hivyo kwenye kikao, kwa sauti, nikiwa nimesimama.

Sababu zinazokubalika ni ugonjwa, msiba na uhamisho wa shule. Basi. Wakati huo mwalimu wa darasa la Resiato alikuwa likizo ya uzazi, kwa hiyo rejista ya Gredi ya Tisa niliishika mimi. Nami, kwa ule uaminifu wangu wa kujionyesha, niliandika kando ya jina lake, kwa wino, kwa mwandiko mzuri kabisa: "Amehama na mifugo. Atarudi mvua ikinyesha." Niliona nimefanya la maana. Niliona mkaguzi akija atasema, huyu mwalimu mkuu anawajua watoto wake.

Mkaguzi alikuja. Akaupiga picha ukurasa ule.

Juzi Jumanne nikaitwa ofisi ya elimu, Kajiado. Afisa aliyenipokea ni kijana mpole, pengine nilikuwa nafundisha kabla hajaanza shule. Alinipa kiti, akanigeuzia simu yake nisome mwandiko wangu mwenyewe.

"Madam, hapa umeandika hayuko, na hujasema ni mgonjwa. Sasa mimi nitakusaidia aje?"

Nikamwambia mtoto si mtoro, ameenda na mama yake na ng'ombe.

"Hiyo naelewa. Hata sisi nyumbani tulikuwa tunahama hivyo. Lakini hii fomu haina mahali pa kuandika ng'ombe."

Nikamuuliza, na aibu bado ninayo, ingekuwaje nikirudi nirekebishe niandike ni mgonjwa. Akaangalia mlango kama umefungwa. "Hiyo sijaskia, Madam," akasema. Kisha akanikumbusha kwamba mwisho ni Alhamisi saa sita mchana. Nilipouliza kuhusu rufaa akaniambia kwa upole kwamba barua inaweza kuandikwa, ila majibu yake huja usajili wa mwaka mwingine ukifunguliwa.

Niliporudi shuleni nikamsimulia naibu wangu, Mwalimu Sein, binti wa huku huku Kajiado. Alinisikiliza mpaka mwisho, akashika kichwa.

"Ai, Madam! Si ungeandika tu ni mgonjwa? Sisi wote huandika mgonjwa."

Nikaomba rejista ya Gredi ya Sita. Kuna ndugu wawili mle walioondoka wiki moja na Resiato, njia moja, pengine wanakunywa maji ya bwawa moja. Wameandikwa "homa" tangu Februari. Wako salama kabisa kwenye orodha, na mimi nimekuwa nikiweka sahihi yangu chini ya homa hiyo kila Ijumaa bila kuuliza ni homa gani isiyopona. Miaka tisa. Walimu wangu walikuwa wananificha, si kwa ubaya, ila walijua mimi ni mtu wa kufuata maandishi. Nikaifunga rejista, nikairudisha mahali pake. Nimekuwa mshiriki sasa.

Tangu Jumanne nimempigia mama Resiato simu asubuhi, mchana na jioni. Mteja hapatikani. Jana nikaenda hadi bomani kwao, nikamkuta bibi mmoja na mbuzi wagonjwa walioshindwa safari. Akanionyesha kwa fimbo upande walikoelekea, mbali, hakuna kitu unachokiona huko ila joto.

Leo saa tano na nusu nikafungua kompyuta ya ofisi. Ukitaka kumwondoa mtoto, mtandao unakuuliza sababu na kukupa tatu za kuchagua: amefariki, amehamia shule nyingine, ameacha shule. Nilikaa pale nikizisoma kama mtu anayechagua chakula asichokula. Sein alikuwa kando yangu. Nikachagua ameacha shule. Nikabonyeza. Jina likatoka kwenye orodha ya darasa, na dakika hiyo hiyo likatoka kwenye orodha ya watahiniwa.

Ningependa kuandika hapa kwamba nilifikiria shule, au wale watoto wengine. Ukweli ni kwamba niliogopa. Nilijifikiria mimi, miaka minne iliyobaki nistaafu, jina langu likisomwa kortini. Nilibonyeza kwa woga huo.

Saa tisa alasiri simu ikaita, namba nisiyoijua.

"Mwalimu, supa!" Ilikuwa sauti ya mama Resiato, anacheka, upepo unavuma nyuma yake. "Mvua imepiga huku tangu juzi! Tumeanza kurudi. Jumatatu mtoto wako ako darasani."

Muda wa saa tatu na nusu. Hesabu ndogo tu ya saa kati ya kubonyeza kwangu na simu yake. Nilitaka kumuuliza simu yake ilikuwa wapi siku zote hizi, nimkaripie kabisa, halafu nikakumbuka watu walikuwa wanatafuta nyasi, si mtandao. Nikamjibu ipa, kama salamu yao inavyoitikiwa. Nikasema namshukuru Mungu kwa mvua. Kabla sijapanga la kusema, akampa Resiato simu.

Alinisalimu haraka haraka, kisha akauliza lile lililokuwa moyoni mwake.

"Madam, umenisajili? Nilikuwa naogopa wafunge kama sijafika."

Mimi niliyewafundisha watoto miaka yote hii kwamba anayeulizwa hujibu, nilinyamaza. Aliita "Madam? Madam?" akidhani laini imekatika.

"Njoo tu, mwanangu," nikamwambia. "Tunakungoja."

Akashangilia. Nilimsikia akimwambia mama yake kwa Kimaasai, na ingawa Kimaasai changu ni cha salamu tu, furaha haikuhitaji mkalimani. Nikakata simu, nikafunga mlango wa ofisi kwa ufunguo, nikalia. Sein aligonga mara moja, akaenda zake.

Barua ya rufaa nimeiandika, ukurasa mmoja na nusu. Kesho nitaipeleka Kajiado mwenyewe, na yule kijana mpole ataipokea, ataigonga muhuri na kuiweka juu ya nyingine. Zaidi ya hapo sina mlango wa kubisha. Nimetafuta jina la mtu wa kumpigia na sina.

Jumatatu nitakuwa langoni kabla ya saa moja. Atakuja na yunifomu iliyobana, miguu ina vumbi la siku tatu, anakimbia. Nimwambie pale pale langoni kabla hajaingia, au nimwache asome hata wiki moja bila kujua?