Damu ya Pande Mbili

Kampala, 9 Juni 1955

Kaka Mwinjuma,

Shikamoo. Mimi mzima, na ndizi za huku nimezizoea. Somo la urithi wa maumbile ndilo linaloninyima raha. Mwalimu hataki tukariri. Lazima tusome kabla ya kipindi, na kila siku tufanye maswali wenyewe.

Swali la juzi lilihusu ugonjwa wa damu: mtoto huvimba vidole, macho huwa manjano, kisha hufariki angali mdogo. Niliwakumbuka wanao watatu tuliowazika. Nililifanya mara nne, jibu halikubadilika. Mtoto huupata kwa baba na mama, wote wawili, nao wenyewe wakiwa wazima.

Kaka, Mama alisema mkeo Siwema ana kisirani, sote tukakubali. Ukamwacha, na talaka nikakuandikia mimi, msomi wa nyumba. Aliniuliza, “Shemeji, hata wewe unaamini?” Niliinama nikaendelea kuandika.

Nasikia kwao Mkuza hasemi na mtu. Nenda ukamwambie ukweli. Likizo nami nitakwenda kumwomba radhi. Akinifukuza, ni haki yake.

Mpe Mama shikamoo yangu. Anayekusomea barua hii aisome yote, Mama akisikia.

Mdogo wako,
Pazi