Mbuzi wa Wapanda Farasi

Riyadh

Dada yangu Mirriam,

Amani ya Mungu ikae na nyumba yako. Jana tumerudi kutoka milima ya Kirgizistani, ambako madam na watoto walienda likizo, nami nikiwapikia. Tulilala kwenye mahema ya duara ya sufu, tukapewa maziwa ya farasi. Ni machachu, lakini nilisali nikayanywa.

Siku ya sherehe, wanaume walipanda farasi wakagombania mbuzi aliyechinjwa, hana kichwa. Huyu anavuta mguu, yule anavuta mwingine, wageni wanashangilia. Madam akanipa simu yake: "Yalla Damaris, chukua video!" Nikaishusha chini. Watoto wakanicheka, "Damaris anaogopa mbuzi mfu!"

Sikumwona mbuzi, dada. Nilimwona Winfred wetu. Jua lilikuwa kali, lakini nilimsikia nyuma ya sikio langu, kwa ile sauti yake ya utotoni: "Mama mdogo, huku ni baridi." Tangu hapo hajaniacha, hata nikiosha vyombo, hata nikisali.

Mwanao yuko kwenye friji ya mochari Jeddah tangu Pasaka. Kafili wake, yule aliyemwajiri, amekubali kumsafirisha, anangoja tu aambiwe ampeleke wapi. Ukoo wa baba yake unasema azikwe kwao, sisi tunasema kwetu.

Mpigie baba yake leo, mwambie amchukue. Najua watu wetu watanilaumu. Wanilaumu tu, mradi mtoto apate udongo.

Mdogo wako anayekuombea,
Damaris