Siku Tuliyofuta "Kwa Dama"

Baba Sidi,

Hapa Malindi tupo. Mama yako ni mzima, magoti tu ndiyo yanamsumbua. Mimi naamka, napika, naitikia watu. Tangu nilipotoka hospitali na nguo zako mkononi bila wewe, sijaweza zaidi ya hapo.

Nakuandikia kwa sababu ya kile kisanduku chako cha intaneti. Siku ulipokifunga uliupa mtandao wetu jina "Kwa Dama", ukacheka, "Majirani wote wajue mwenye nyumba ni nani." Niliona haya, lakini moyoni nilifurahi. Ulipofariki tukahamia kampuni nyingine, wakaleta kisanduku chao. Chako nikakiacha kwenye umeme vivyo hivyo. Intaneti hakina, ila lile jina lilikuwa bado likitokea kwenye simu yangu kila nikikaribia mlango. Nilikuwa nikilitafuta, Baba Sidi. Nikiliona, najihisi nimekukuta nyumbani.

Sasa Sidi anasomea mtandaoni, chumba cha nyuma, na hizi kuta zetu za matumbawe hazipitishi mawimbi ya intaneti. Mtihani wake wa kujibu maswali kwa mdomo ulikatika katikati, akatoka macho mekundu. Tukavuta waya mmoja kutoka kisanduku kipya hadi kule. Lakini kompyuta ni mbili, yake na yangu ya kuchapia kazi za wateja. Akaniambia taratibu, "Mama, cha Baba kina matundu ya waya nyuma. Kinaweza kutugawia." Ila lazima kwanza kipangwe upya, na neno la siri la kuingia ndani yake ulilijua wewe pekee. Ilibidi kifutwe chote, na jina pia.

Nilikataa. Nikajifungia jikoni nikalia. Mama yako akanifuata na magoti yake hayo, akasimama nje ya mlango. "Dama, hata mimi namlilia. Lakini mwanangu alikileta kile kitu kifanye kazi."

Nikatoka, nikamwambia Sidi afute. Akabonyeza kwa pini kile kitufe kidogo cha kufutia. Nilikuwa nimeshika simu. Jina lilikuwepo, kisha… halikuwepo.

Akakizuia kisizipe kompyuta anwani za mtandao, kisije kikagongana na kile kipya, akachomeka waya. Taa zikawaka. Akaniuliza, "Nikuandikie tena lile jina?" Nikamwambia hapana, zima mawimbi yake. Lile jina uliliandika wewe, Baba Sidi.

Mtihani ameurudia, Baba Sidi. Nilikuwa pembeni yake nikichapa, namsikia akijibu swali baada ya swali bila kukatika, sauti imetulia kama yako. Nikaziba mdomo kwa leso, mwalimu wake asinisikie. Amefaulu.

Pumzika, mume wangu. Mvua zikikatika nitakuja Ganze na Sidi tung'oe majani kaburini kwako. Safari hii sitakuomba urudi. Nitakaa tu nikupe habari za mtoto.

Wako,
Dama